Kufunga kwa Niaba ya Kanisa Zima

Mikindani nzima, huku Mombasa, hapakuwa na mtu aliyevaa sweta mwezi wa pili, jua likiwa limekaa juu ya mabati kana kwamba limepanga chumba, isipokuwa Valarie, binti wa Dorothy. Na kanisa lilikuwa limeshalitolea sweta hilo maelezo. Ni upako. Mchungaji Erastus alisema kwa kinywa chake, kipaza sauti mkononi, kwamba wapo watu ambao Roho huwashukia kama moto na wapo anaowashukia kama baridi, na binti huyu, haleluya, ni wa baridi. Watu wakapiga makofi. Dorothy akajifuta machozi kwa ncha ya leso, polepole, ili hata wa viti vya nyuma wapate kumwona.

Kanisa lao lilikuwa la mabati, upande wa juu wa barabara ya Nairobi, mahali ambapo lori likipanda mlima mahubiri husimama kidogo yakalingoja lipite. Mchungaji alikuwa anaandaa mkutano mkubwa wa Pasaka, na kwa ajili hiyo alianzisha mnyororo wa kufunga. Kila nyumba ishike siku yake, zamu ikiisha ianze upya, mtu asile tangu alfajiri hadi magharibi, ili pasipite siku hata moja ambayo kanisa zima limekula. Kupanga siku hizo alipewa Dorothy, kwa sababu ana sauti, ana simu, na hana haya.

Wazo lilikuwa zuri. Liliendelea kuwa zuri mpaka saa nne za asubuhi ya siku ya kwanza, ambapo Mzee Ziro, shemasi mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa afungue mnyororo, alipiga simu.

"Mama Vale, Bwana asifiwe."

"Amina, mzee wangu. Unaendeleaje na mfungo?"

"Ndiyo hayo nikupigiayo, mwanangu. Mimi nina dawa za presha. Dawa hizi zataka chakula. Sasa mimi kufunga ni sawa na kujiua, na kujiua ni dhambi, wajua."

"Ni kweli, mzee wangu. Umeshakula?"

"Nimeonja tu," alisema Mzee Ziro, na Dorothy akasikia kwenye simu mahamri yakitafunwa.

Dorothy akatazama huku na huku jikoni. Valarie alikuwa amesimama kwenye jiko anawakaangia watu wa nyumbani mayai. Alikuwa amemaliza shule mwaka uliopita, anangoja chuo, na upishi wote wa nyumba alikuwa ameuchukua yeye bila kuombwa. Alipika vizuri na kupakua kwa ukarimu, sahani za watu zikajaa hadi ukingoni. Yake haikuwapo.

"Vale, umekunywa chai?"

"Bado, Mama. Sina njaa."

"Mzee wangu, usiwe na wasiwasi," Dorothy aliiambia simu. "Siku yako imepata mtu."

Habari njema husafiri. Wa pili alikuwa Gladys, kiongozi wa akina mama, mwenye karai la viazi pale stendi. "Mimi nakaanga viazi, Mama Vale. Nisipoonja nitajuaje chumvi? Niwauzie watu viazi dufu kwa jina la Yesu?" Siku yake ikaenda kwa Valarie. Mwingine alikuwa na vidonda vya tumbo. Mwingine alikuwa ananyonyesha, na mtoto mwenyewe yuko darasa la pili. Mwingine hakutoa sababu yoyote, alisema tu, "Yule binti yako si anaweza?" Na kila aliyeacha siku yake hakuja mikono mitupu, kwani watu wa Mungu wana aibu yao. Walileta chapati zilizofungwa kwenye gazeti, wakaleta samaki wa kupaka, wakaleta mkungu wa ndizi. Nyumba ya Dorothy ilinenepa. Mumewe Oduor, aliyekuwa mpangaji wa makontena katika yadi moja ya Changamwe, alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, upande wa kulegeza. Kadiri kanisa lilivyofunga, ndivyo kanisa lilivyoshiba, na katikati ya shibe hiyo alikuwapo msichana mmoja ndani ya sweta.

Oduor alijaribu kusema. Alisema jioni moja mkewe anapanga chapati za watu kwenye hotpoti.

"Dorothy, si umwangalie huyu mtoto. Amebaki macho."

"Wewe unaona kwa macho ya mwili, Baba Vale."

"Sasa nione kwa macho gani? Nimepewa haya mawili."

"Mtu akifunga, mwili unapungua roho inapanda. Ulizaliwa hujui hata kusali, unataka kunifundisha mfungo?"

Oduor akaitazama chapati, akaiona imepoa, akaila. Huo ndio uliokuwa mwisho wa mchango wake kwa wakati huo.

Kuna siku Dorothy aliingia chumbani bila kubisha akamkuta Valarie mbele ya kioo cha kabati, ameshika nyama ya mkono kwa vidole viwili, anaivuta, anaiachia. Hakukuwa na nyama ya kuvuta. Ilikuwa ngozi.

"Mama," alisema bila kugeuka, "si nimenona?"

Swali hilo mtu mwingine lingemtoa jasho. Dorothy alicheka kwa furaha ya mzazi mwenye bahati.

"Umependeza, mwanangu. Huo ndio mwili wa maombi. Mchungaji amesema siku ya mkutano utapanda jukwaani ushuhudie, na gauni jeupe nimeshakuchagulia."

Valarie akauliza kama gauni lina mikono mirefu.

Basi wiki hiyo hiyo akaja Winfred. Alikuwa mtafiti kutoka chuo kikuu kimoja cha Nairobi, mwanamke kijana mwenye miwani na begi la mgongoni, azungumzaye kwa tahadhari kama mtu aliyebeba mayai kwenye gazeti bichi. Alimweleza Mchungaji, mbele ya Dorothy na Gladys, kwamba anachunguza jinsi watu wenye matatizo ya kula wanavyoiona miili yao. Wapo wanaojinyima chakula mpaka wanakaribia kufa, alisema, na bado wakijitazama wanaona mtu mnene. Si maringo wala uongo. Wanaona hivyo kweli.

Gladys aliguna. "Kukataa chakula? Na chakula kipo?"

"Kipo."

"Basi hao ni wazungu. Chakula kimewachosha."

"Wapo hapa hapa Mombasa, mama. Wengine ninao tayari, wametoka kliniki. Sasa natafuta wasichana wazima na mama zao, nipate kulinganisha."

Dorothy alihisi damu ikimpanda kwa fahari. Akaona nafasi ya kuikomesha sayansi ya Nairobi mara moja na kwa wote.

"Unataka mzima? Nitakupa mzima. Binti yangu anafungia kanisa hili lote, na hajaugua hata mafua. Ukimpima huyo, huo utafiti wako utaufunga urudi nyumbani."

"Amina!" alisema Mchungaji Erastus. "Andika hapo, daktari. Mtu wa afya kamili, wa mwili na wa roho."

Winfred hakuandika. Aliuliza tu, "Anafungia kanisa lote kivipi?" Lakini lori lilikuwa linapanda mlima, na lilipomaliza kupita watu walikuwa wameshahamia kwenye soda.

Kesho yake Jumamosi walikutana kwenye chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Winfred alikuwa amefunga shuka katikati, Valarie upande mmoja, Dorothy upande wa pili, kila mmoja na kamba yake ya katani.

"Kazi ni nyepesi," alisema. "Valarie, bila kujipima, weka kamba sakafuni ufanye duara linalolingana na kiuno chako. Mama, wewe fanya duara la kiuno cha Valarie. Msisemeshane."

"La binti yangu mwenyewe?" Dorothy alicheka. "Nimemzaa, nimemwogesha, nimemshonea. Hata nikifumba macho."

"Usifumbe, mama."

Dorothy akapiga magoti, akaizungusha kamba, akairekebisha hapa na pale kwa ncha za vidole kama anayetengeneza ukingo wa kitambaa cha meza. Alimaliza upesi. Upande wa pili ilisikika kamba tu inakwaruza sementi, inasogezwa, inasogezwa tena.

Winfred akalivuta shuka.

Dorothy alipoliona duara la binti yake alishika mbavu kwa kicheko. "Vale! Hicho kiuno au mdomo wa tangi la maji? Hapo si unaingia wewe na Gladys na karai lake la viazi? Daktari, samehe, huyu hesabu zilimpita kushoto shuleni."

Valarie hakucheka. Alikuwa amelitazama duara lake kama mtu anayetazama picha yake ya kitambulisho, mbaya lakini ya kweli.

Winfred hakucheka pia. Aliinama, akainyanyua kamba ya Dorothy kwa uangalifu asiivunje umbo, akaja nayo, akailaza juu ya ile ya Valarie.

Ya Dorothy ilikuwa kubwa zaidi.

Haikuwa kubwa kwa unywele. Ilizunguka nje ya ile nyingine pande zote kama sinia nje ya sahani. Kicheko cha Dorothy kikabaki mdomoni hakina pa kwenda.

"Umezihamisha," alisema. "Umeivuta ulipoinyanyua."

"Sasa naipima ya kweli," alisema Winfred. "Valarie, unaniruhusu?"

Akaipitisha kamba ya tatu kiunoni mwa msichana, chini ya sweta, akaishika palipokutana, akaja akailaza ndani ya zile mbili. Lilikuwa duara la sufuria ya chai. Chai ya mtu mmoja, asiye na mgeni.

"Hiyo imekosewa." Sauti ya Dorothy ilikuwa imepanda. "Hicho si kiuno cha mtu. Wewe msichana umekuja hapa na mambo yako ya Nairobi, lete hapa hiyo kamba!" Akainyakua, akamwendea binti yake, akaliinua sweta kwa mikono miwili kama alivyokuwa akilivua vazi la mtoto wakati wa kuoga.

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. Miezi mingapi ilikuwa imepita tangu amguse? Kila Jumapili alimgusa begani, mbele za watu, juu ya sufu. Ndani ya sweta la juu kulikuwa na la pili, na ndani ya la pili fulana, na chini ya fulana Dorothy alikuta mbavu, moja baada ya nyingine, zinapanda na kushuka haraka kama za ndege aliyeshikwa. Mgongoni palikuwa pameota manyoya laini, ya kitoto. Na baridi. Nje watu walikuwa wanajipepea kwa vifuniko vya ndoo, na mtoto huyu alikuwa baridi kama sakafu.

Mwanamke aliyejisifu kwamba macho yake yanaona ya rohoni alikuwa amekaa nyumba moja na mambo haya, akiyapangia siku za kufunga.

"Mama, unaniumiza," alisema Valarie, akalishusha sweta.

Dorothy akamgeukia Winfred. "Hii maana yake nini?"

"Matokeo siruhusiwi kuyaeleza mpaka utafiti uishe na makala yachapishwe."

"Yachapishwe lini?"

"Huenda mwaka kesho. Au mwaka unaofuata."

Winfred akavua miwani, akaonekana mdogo ghafla, kama dada wa mtu.

"Lakini mimi si kamba," alisema. "Aonwe na daktari, mama. Si baada ya Pasaka. Moyo nao ni nyama, usipolishwa unachoka. Nitakuandikia jina la kliniki. Na tafadhali, huo mfungo... umwachishe leo."

Usiku huo Dorothy alimbembeleza binti yake kwa uji, akamtisha, akalia. Valarie alijibu kwa upole ule ule uliokuwa ukisifiwa kanisani. "Mama, kesho ni siku ya Mzee Ziro, uliniambia mwenyewe nimshikie. Nikila nitakuwa nimemdanganya Mungu." Hapo Dorothy aliona kitanzi kilivyo, na kwamba kila fundo alilifunga yeye. Mtoto alikuwa na ugonjwa, na ugonjwa ulikuwa umepewa kiti cha mbele, maua na kipaza sauti. Nani angeuacha?

Jumapili, wakati wa matangazo, aliomba nafasi. Mchungaji akampa kwa tabasamu, akidhani ni habari za gauni jeupe.

"Bwana asifiwe," alisema Dorothy.

"Amina!"

"Nimekuja kurudisha vitu vya watu." Hakukitaka kipaza sauti. "Mzee Ziro, shikamoo. Leo ni siku yako. Hii hapa, nimekurudishia, uifunge mwenyewe."

Mzee Ziro akashika kifua upande ambao hauna moyo. "Mwanangu, dawa zangu..."

"Zinataka chakula, najua. Na mtoto wangu anataka nini? Mama Gladys, Jumatano yako hii. Chumvi atakuonjea mteja. Wewe mwenye vidonda, vidonda vyako havikukuzuia pilipili ya juzi kwenye harusi, chukua Ijumaa yako. Na wewe unayenyonyesha, mtoto wako jana nimemwona anacheza mpira, ana viatu vya njumu. Chukua Alhamisi."

Kanisa likaanza kuchemka kama sufuria iliyofunikwa vibaya. Mchungaji Erastus akanyanyua mikono. "Mama, mama, taratibu. Tusiibomoe madhabahu ya Bwana kwa hisia."

"Nawe, Mchungaji, mnyororo ni wako lakini pete yako sijaiona. Wewe ulifunga lini?"

"Mimi natoa maono, mama."

"Basi toa maono huku una njaa. Jumamosi ni yako."

Kuna mtu nyuma alicheka, akajifanya amekohoa. Gladys akasimama, mikono kiunoni, uso umevimba. "Mama Vale, wewe ndiwe uliyezipokea hizi siku! Ulikuwa ukinipigia mwenyewe, 'Gladys, una siku nyingine? Vale wangu hana kazi kesho.' Leo unatuaibisha?"

"Ndiyo," alisema Dorothy. "Mimi ndimi niliyezikusanya. Nilimtembeza mtoto mgonjwa kama kombe la mpira. Na samaki wenu nikala. Mimi sisemi kwamba sikula."

Ndipo Valarie aliposimama, kwenye kiti chake cha mbele.

"Mama, kaa chini," alisema. Hakupaza sauti, lakini hata lori halikupita. "Hizo siku ni zangu. Umezirudisha bila kuniuliza." Akawageukia watu, na kwa mara ya kwanza upole ulikuwa umemtoka usoni, mkabaki hofu tupu. "Mkininyang'anya hizo siku nitafanyaje? Nitakula? Hamnioni nilivyo? Hamwoni ninavyojaza hiki kiti?"

Kiti kilikuwa cha plastiki, cha mtu mzima. Pande zote mbili za Valarie palikuwa na nafasi ya kumkalisha mtoto.

Kanisa likatazama. Lilikuwa limemtazama kila Jumapili tangu mwaka uanze, likamwimbia, likampigia makofi, na sasa likamwona. Mzee Ziro aliinamisha kichwa. Gladys aliketi. Mchungaji Erastus alifungua kinywa apige sala ya kuokoa hali, akakuta Oduor amesimama mbele yake katika suti ya Jumapili isiyofunga vifungo, na kitu katika uso wa mpangaji yule wa makontena kilimshauri akifunge.

"Twende, nyathina, mwanangu," Oduor alimwambia binti yake. "Twende tu."

Alikwenda. Hakwenda kwa sababu ameelewa. Alikwenda kwa sababu miguu ilimwishia mlangoni na baba yake akamshika, akamwinua, akashtuka jinsi alivyokuwa mwepesi, akamtia kwenye tuktuk ya kwanza iliyotokea.

Hospitali ya serikali Jumapili ina watu wale wale wa Jumatatu, ila wamevaa vizuri. Waliketi kwenye benchi, Valarie katikati, amempa mama yake mgongo.

"Sitakusamehe," alisema.

"Sawa."

"Na sitakula."

"Hilo utamwambia daktari."

"Umenifanya kichekesho mbele ya kanisa lote."

Simu ya Dorothy ikalia. Alikuwa Gladys, naye alikuwa amebadilisha sauti, sasa ilikuwa ya asali.

"Mama Vale, yaliyopita yamepita, sote wa Bwana. Mtoto anaendeleaje? Eeh, pole. Sasa sikiza, dada yangu. Hiyo Jumatano. Nimefikiria, kuna yule binti wa Jumwa, jirani yenu, wa kidato cha pili. Nimemwona siku hizi naye hali chakula vile. Huwezi kumuuliza anishikie?"

Dorothy aliitoa simu sikioni akaitazama kama kitu kilichomuuma. Akairudisha.

"Gladys," alisema, "ukimgusa mtoto wa Jumwa nitakuja hapo stendi nikukalishe kwenye karai lako mwenyewe, na mafuta yakiwa moto. Kisha nitamwendea mama yake nimwambie amtazame mtoto wake. Nitakwenda leo leo." Akaizima.

Ndani ya sweta, mgongo wa Valarie ulitikisika kidogo. Huenda alikuwa analia. Dorothy hakujua, na kwa mara ya kwanza mwaka huo hakujifanya anajua.

Nesi akatokea mlangoni akaita jina. Valarie hakusogea. Oduor alitaka kumwinua, Dorothy akamzuia kwa jicho, akasimama yeye, akanyoosha mkono, akangoja. Hakusema Bwana asifiwe, wala mwanangu. Watu wa benchi walikuwa wanatazama. Nesi akaita tena, akiwa amechoka, na aliyefuata kwenye foleni akaanza kunyanyuka achukue nafasi.

Valarie akajiinua mwenyewe, kwa kushika ukuta. Mkono wa mama yake aliupita bila kuugusa. Akawa wa kwanza kuingia mlangoni.